Kokwa ya Hass Haioti Hass: Mazungumzo kwa Wakulima na Wenye Vitalu, Kitale na Bungoma



Mvua inapoanza, miche ya parachichi hupangwa kando ya barabara kati ya Kitale na Bungoma. Yote imenyooka, yote ina majani mazuri, na muuzaji husema yote ni Hass. Mkulima hawezi kumbishia kwa kutazama jani. Ukweli hujulikana tunda la kwanza likitoka, na kwa mti wa kokwa hapo shamba limeshakaliwa miaka 5 au zaidi.

Sababu iko kwenye ua. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa la kike, kisha hufunga, na siku ya pili hufunguka likiwa la kiume. La Hass huwa la kike asubuhi. La Fuerte alasiri. Nyuki hubeba chavua kutoka mti hadi mti, na kila kokwa hubeba mchanganyiko wake. Kokwa 10 za mti mmoja zaweza kutoa miti 10 isiyofanana: huyu tunda la shingo ndefu, yule la mviringo, mwingine nyuzinyuzi tupu.

Hass yenyewe ilitokea hivyo. Rudolph Hass, mpeleka barua wa California, Marekani, alipanda kokwa asiyojua asili yake, akapata mti wa pekee, akausajilia hataza mwaka 1935. Mti ule ulikufa mwaka 2002, lakini kila Hass halisi duniani imetokana na vitawi vyake. Basi mche usio na kovu la kuunganishwa si Hass. Kovu peke yake nalo halitoshi. Ulizeni kitawi kilikatwa mti gani. Lakini mti wa kokwa unaozaa vizuri nyumbani usikatwe eti hauna jina.

Kwa kahawa ya Bungoma mambo hugeuka. Arabika hujichavusha, hivyo mbegu ya SL28 hutoa mti unaokaribiana sana na mama yake. Ni faida, na ni hatari vilevile: miti ikifanana, ugonjwa mmoja huipata yote. CBD, ugonjwa unaoozesha buni changa, uligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na SL28 haiuwezi. Kinga ilitafutwa mbali, kwenye Rume Sudan na kwenye mseto wa arabika na robusta wa kisiwa cha Timor. Ndipo zikapatikana Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010.

Ruiru 11 ni chotara. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Anayeokota buni chini ya Ruiru 11 ya jirani na kuiotesha atapata miti mchanganyiko, mingine mirefu, mingine bila kinga. Batian huzaa mfano wake, ila mbegu itoke kwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, Ruiru.

Mwenye SL28 za zamani hana haja ya kuzing'oa. Shina hukatwa, na machipukizi yanayotoka huunganishwa na vitawi vya Ruiru 11 au Batian, mizizi ikibaki ileile. Machipukizi yanayoota chini ya kiungo yaondolewe kila mara. Yakiachwa, yatakayovunwa ni buni za SL28.