Kazi ya Kwanza ya Mwanafunzi wa Uhunzi: Kikwangulio cha Viatu

Katika mazungumzo yetu ya leo twakusudia kueleza jinsi kijana ambaye hajapata kushika nyundo ya mhunzi awezavyo kufua chombo kimoja chenye manufaa nyumbani na shuleni. Chombo hicho ni kikwangulio cha viatu: chuma kinachosimamishwa karibu na mlango, ili mtu atokaye shambani akwangue tope la nyayo zake kabla ya kuingia ndani.

Huenda wengine watauliza, Je, chuma cha kufutia tope ni jambo la kusemewa? Twaona ni jambo, na sababu zetu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni usafi. Wakati wa masika kila mtu aingiaye darasani huleta donge la udongo chini ya kiatu. Donge hilo hukauka, hugeuka vumbi, na watoto hulivuta kwa pua siku nzima. Sababu ya pili ni mashamba. Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba uitwao ugonjwa wa Panama hukaa udongoni miaka mingi hata baada ya mgomba kung'olewa, nao husafiri katika udongo ulioshikamana na viatu na majembe. Wakulima wanaojilinda nao huosha viatu kwa dawa penye lango la shamba. Lakini dawa haifanyi kazi vema juu ya tope nene. Yapasa tope liondoke kwanza, ndipo dawa ifuate. Sababu ya tatu ni kijana mwenyewe, nayo tutaieleza mwishoni.

Hata hivyo tusidanganyane. Kikwangulio hakizuii kila maradhi. Vijidudu vya safura hungoja katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, navyo huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu mtupu. Dawa yake ni choo kizuri na viatu miguuni. Kikwangulio ni msaidizi wa mambo hayo, wala si badala yake.

Chombo hiki si kigeni duniani. Katika miji ya Uingereza na Ubelgiji, nyumba nyingi zilizojengwa katika karne ya 18 na ya 19 zingali na vyuma vya namna hii penye vizingiti, kwa maana siku zile barabara zilijaa matope na mavi ya farasi. Wala ufuaji wa chuma si mgeni kwetu. Wapare walifua chuma na kuwauzia majirani zao wa Kilimanjaro. Wafipa walijenga tanuri za udongo zilizo ndefu kuliko mtu, zikavuta upepo zenyewe bila mivukuto. Na huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria Nyanza, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 kwamba watu wa nchi ile waliyeyusha chuma cha namna ya pua yapata miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Basi kijana ashikaye nyundo leo haanzi kazi ya wageni. Anaiendeleza kazi ya babu zake.

Sasa tuingie kazini. Vyombo vinavyotakiwa ni hivi: tanuri yenye mvukuto, makaa ya miti, fuawe, nyundo ya ratili mbili, koleo, tindo, tupa, na jiliwa ya kubania chuma. Asiye na jiliwa na apigilie vyuma viwili vinene katika gogo zito, vikaribiane kiasi cha kupitisha ubavu wa chuma tu. Navyo vitabana kazi kama vidole viwili. Pia weka ndoo ya maji karibu, na rula.

Chuma chenyewe ni chuma bapa cha kawaida, upana wake inchi moja na robo, unene wake robo inchi, urefu wake inchi 30. Usichukue springi ya gari. Hiyo ni pua ngumu. Waachie wafuao majembe na visu, kwa kuwa ikitiwa majini ingali nyekundu huweza kupasuka. Wala usitie motoni chuma kilichopakwa zinki kama mabati. Moshi wake mweupe humpa mtu homa na kifua kubana.

Kazi ya kwanza ni kupima na kutia alama. Tafuta katikati ya chuma, yaani inchi 15 toka kila mwisho. Toka hapo katikati pima inchi nne kwenda kila upande, utie alama. Kisha ongeza inchi mbili kila upande, utie alama nyingine. Usitumie chaki, kwa maana moto utaifuta. Tumia msumari mgumu wenye ncha, uugonge kwa nyundo mpaka uache kidoti ubavuni mwa chuma. Kidoti huonekana hata chuma kikiwa chekundu. Sasa chuma chako kimegawanyika: inchi nane za katikati ndizo zitakazokwangua tope, inchi mbili za kila upande zitasokotwa, na inchi tisa zinazobaki kila upande zitakuwa miguu.

Kazi ya pili ni moto. Vunja makaa yawe kadiri ya limau, uyalundike yawe na kina cha kutosha. Laza chuma katikati ya lundo, si chini kabisa penye mdomo wa mvukuto, kwa maana upepo mtupu hukila chuma na kukifanya magamba. Vukuta polepole na kwa mapigo yaliyo sawa, nawe utazame rangi. Kwanza chuma huwa chekundu kama damu iliyoganda, bado. Kisha huwa chekundu kama nyanya mbivu, bado kidogo. Kikipata rangi ya chungwa inayoelekea manjano, kiko tayari. Ukikiacha mpaka kiwe cheupe na kutoa cheche kama nyota, basi kinaungua, na chuma kilichoungua hakirudi kuwa kizima. Sharti sehemu hiyo ikatwe. Tena chuma kikirudi kuwa na wekundu wa giza, acha kupiga, ukirudishe motoni. Wazee wetu walisema, Udongo uwahi ungali maji. Hii ndiyo sheria ya mhunzi pia.

Kazi ya tatu ni kupasua ncha za miguu. Pasha moto mwisho mmoja, uuweke juu ya kipande cha bati nene kilicholazwa juu ya fuawe, ili makali ya tindo yasigonge fuawe na kuharibika. Pasua ncha katikati kwa urefu wa inchi moja na nusu. Pasha tena, utanue vipande viwili huku na huku kama mkia wa samaki. Mkia huu utashikwa na saruji, na chuma hakitang'oka mtu akikikanyaga kwa nguvu. Fanya vivyo hivyo mwisho wa pili.

Kazi ya nne ni kusokota, na hapa ndipo kijana hufurahi. Ukiinama chuma hiki kilivyo, ubapa wake ndio utakaoangalia juu, nao haukwangui kitu. Twataka inchi nane za katikati zisimame kwa ubavu, na pande zake zilale kwa ubapa. Basi pasha moto inchi mbili zilizo baina ya alama, ziwe na rangi moja kotekote. Bana chuma katika jiliwa penye alama ya ndani, shika kwa koleo imara penye alama ya nje, uzungushe robo ya duara, mara moja, bila kusitasita. Rangi isiyo sawa huzaa msokoto usio sawa, kwa kuwa penye joto zaidi hugeuka zaidi. Kisha fanya upande wa pili, ukizungusha kwa kuelekea kinyume, ili misokoto miwili itazamane. Ukimaliza, kiangalie chuma kwa jicho moja toka mwisho wake: katikati imesimama, mabawa mawili yamelala, na yote yamo katika mstari mmoja. Kama kimepinda, kipashe moto ukinyoshe kwa mapigo mepesi.

Kazi ya tano ni kuinama miguu. Pasha moto penye alama ya nje. Ikiwa joto limeenea mpaka kwenye msokoto, mwagia maji kidogo hapo, ili uinamaji uwe penye alama peke yake. Weka alama ukingoni mwa fuawe, uupige mguu uelekee chini mpaka upate pembe mraba, uujaribu kwa guni la seremala. Kabla ya kuinama mguu wa pili, simama kwanza ufikiri: mguu wa kwanza umeelekea upande gani? Miguu yote miwili sharti ielekee upande mmoja. Pigo moja la haraka laweza kukupa chombo chenye mguu mmoja juu na mmoja chini.

Kazi ya sita ni kumalizia. Chuma kikipoa, piga tupa ukingo wa juu wa katikati, uwe mnyofu na wenye pembe mbili safi. Usiutie makali; pembe ya kawaida yatosha kukwangua, na makali yatamkata mtoto akianguka. Ondoa magamba kwa brashi ya waya. Kisha kipashe joto kidogo, kisifikie wekundu, ukisugue kwa nta ya nyuki mpaka nta iyeyuke na kutoa moshi mdogo. Kitapata rangi nyeusi nzuri, na kutu itachelewa. Fanya hayo nje, mbali na nyasi na paa la makuti, kwa maana nta huwaka moto.

Kazi ya mwisho ni kukisimamisha. Chimba mashimo mawili kando ya mlango, si mbele yake kabisa, watu wasije wakajikwaa usiku. Zamisha miguu inchi tano, zibaki inchi nne juu ya ardhi. Jaza saruji na kokoto, uache siku kadhaa bila kukanyagwa.

Twawaonya walimu na wanafunzi juu ya hatari mbili. Ya kwanza ni macho: vaeni miwani ya kazi, kwa maana gamba dogo la chuma huruka kama kaa. Ya pili ni chuma cheusi. Chuma chekundu kila mtu hukiogopa. Kinachounguza watu ni kile kilichokwisha kuwa cheusi nacho kingali na moto wa kuchoma ngozi. Kabla ya kukishika, sogeza nyuma ya mkono karibu nacho bila kukigusa, usikie joto lake. Wala usivae kanzu ndefu wala nguo za nailoni karibu na tanuri.

Sasa turudi kwenye ile sababu ya tatu. Vijana wengi wakiingia karakana hutaka kufua kisu au panga siku ya kwanza. Lakini kisu hudai kujua pua, kuitia majini kwa kiasi, na kuirudisha moto kwa kiasi. Kosa dogo la mwisho hupasua kazi ya siku nzima, na kijana hukata tamaa. Kikwangulio ni mwalimu mpole zaidi. Kinafundisha kupima, kupasha moto, kupasua, kusokota, kuinama na kunyosha. Na karibu kila kosa lake laweza kurudishwa motoni likatengenezwa. Lakini hakibembelezi. Kikiwa kimepinda, watu wote waingiao mlangoni watakiona, na miguu yao itakisikia.

Tena yako mafunzo yasiyomo katika mazungumzo haya wala katika kitabu. Huko vijijini wangali wako wazee wanaotambua chuma kizuri kwa mlio wake juu ya fuawe, na joto lake kwa kukitazama tu gizani. Wengi wao hawana mtu wa kuwarithi, kwa kuwa vijana waliosoma huona haya kupakwa masizi. Mzee kama huyo akifa, hazina yake huzikwa pamoja naye, wala hakuna maktaba ya kuikopa. Basi wewe mwanafunzi, nenda kwake. Mwamkie, Shikamoo, mzee. Umwombe kazi ya kuvukuta mvukuto. Usianze kwa kumweleza ulichosoma. Vukuta siku kadhaa, tazama mikono yake, kisha umwonyeshe chuma chako chenye vidoti na kumwuliza afikirivyo. Huenda atacheka, lakini twatumaini atakupa nyundo.

Nanyi walimu wenzetu, kalamu na nyundo si maadui. Mtoto aliyepima inchi nane akakosea, akaona kwa macho yake chuma kikikataa kulingana, huijua hesabu kuliko yule aliyeiandika ubaoni tu. Kila shule yenye mlango mmoja na masika moja kwa mwaka ina haja ya kikwangulio kimoja. Na kianze kufuliwa.