Hita ya Gari Inayopuliza Moto, Kisha Baridi



Huenda mmeshangaa kusikia kwamba leo tunazungumzia hita ya gari katika mji ambao, kwa miezi mingi, dereva hutafuta upepo tu. Lakini aliyewahi kufika Newala alfajiri ya mwezi Julai, kioo cha mbele kikiwa kimetanda ukungu, anaijua kazi yake. Tena hita inayopuliza hewa ya moto, kisha baridi, kisha moto tena, mara nyingi hutangulia kutoa habari kwamba injini itachemsha.

Hita haina moto wake yenyewe. Hupokea maji ya moto ya injini, yakapita katika rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, na feni ikapuliza hewa hapo. Maji yakipungua, rejeta hiyo hujaa hewa mapema. Basi kagueni maji kwanza, injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta yenye moto kisifunguliwe hata kwa kitambaa, kwani maji hayo huruka na kuunguza uso.

Maji yakiwa kamili, angalieni baridi huja wakati gani. Ikija gari likiwa limesimama, na joto likarudi mkikanyaga mafuta, shukuni hewa iliyonaswa katika mabomba au pampu ya maji iliyochoka. Ikija mnapoteremka, na mshale wa joto nao ukashuka, huenda thamostati imekwama ikiwa wazi. Mipira yote miwili ya hita ikiwa na moto wakati hewa inapuliza baridi, tafuteni kasoro kwenye kilango cha kuchanganya hewa ndani ya dashibodi, injini haihusiki. Mpira mmoja ukiwa na moto na wa pili vuguvugu, yaelekea rejeta ndogo imeziba. Watu wa uwanda wa juu, ambao tangu zamani wanaijua thamani ya ndoo ya maji, hatuwalaumu wakijaza maji yoyote yaliyopatikana. Ila tope na kutu huishia humo. Kulanti ni ghali, lakini rejeta ni ghali zaidi.

Linalotutia hofu ni maji yanayopungua kila wiki pasipo tone chini ya gari, na mapovu yakionekana kwenye rejeta. Hiyo ni dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua, na hapo ndipo fedha ya korosho ya msimu mzima huweza kupotea. Muuzaji wa gari lililotumika anaweza kujaza maji asubuhi, na mnunuzi akagundua jioni, katikati ya mpando. Kabla ya kulipa, fikeni injini ikiwa baridi, mfungue kifuniko wenyewe, mliendeshe nusu saa hita ikiwa wazi, kisha likipoa mtazame maji tena.

Kwa fundi, bei iandikwe kabla ya kufungua chochote, kifaa cha zamani mkabidhiwe, na risiti mdai. Muuzaji aliyewadanganya kuhusu hali ya gari anaweza kushtakiwa kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Maandishi hayo ndiyo ushahidi wenu.

Na mshale ukipanda mkiwa mpandoni, zimeni kiyoyozi, fungueni hita hadi mwisho hata kama mnatokwa jasho, msogee hadi mahali salama, mzime injini na kusubiri ipoe.