Kumkumbuka Marehemu Mwalimu Ronald Ngala

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Msambweni)



Kamati imeniagiza niseme maneno machache juu ya marehemu Ronald Gideon Ngala. Najua kwamba wengi wetu tulisikiapo jina hilo hukumbuka siasa: KADU, majimbo, na mabishano ya wakati wa Uhuru. Hayo yana mahali pake, na wamo humu ambao wazee wao hawakuwa upande wake. Leo nawaomba tumtazame kwa kazi aliyoishika kabla ya siasa, nayo ni ualimu.

Marehemu alizaliwa katika nchi ya Wagiriama mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alisoma Alliance, kisha akaenda Makerere, akatoka na stashahada ya ualimu. Siku zile vijana wa Pwani waliofika Makerere walikuwa wachache mno. Naye alirudi kufundisha. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Mbale, huko Taita, na tena wa shule ya Buxton, Mombasa.

Naomba tulishike hilo la Taita. Watoto wale hawakuwa wa kabila lake wala wa ukoo wake. Kwa mila ya Wadigo wa zamani, mtoto alirithi kwa mjomba wake, na mjomba alipasika kumtazama mpwawe kama mwanawe mwenyewe. Mwalimu aendaye kufundisha ugenini huwa mjomba wa watoto asiokuwa na udugu nao.

Katika mwaka wa 1949 kilichapishwa kitabu chake, *Nchi na Desturi za Wagiriama*. Alikuwa kijana bado, hajatimiza miaka thelathini. Kazi ya darasani haimlazimishi mtu kuandika habari za watu wake. Yeye aliandika, na mtoto ajuaye Kiswahili akaweza kusoma mambo ya wazee wa Pwani yakiwa yamepigwa chapa. Je, sisi wa Diani na Msambweni tumeandika vitabu vingapi juu ya Wadigo na kaya ya Kinondo? Wazee wajuao wapungua kila mwaka.

Mwezi wa Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Ngala alichaguliwa kuwa mjumbe wa Pwani nzima, na Kwale ilikuwa ndani yake. Kura siku zile haikuwa ya kila mtu; elimu ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyompa mtu haki ya kuipiga. Katika mwaka wa 1961 akawa Waziri wa Elimu. KADU ikavunjwa mwezi wa Novemba 1964, na majimbo yakaisha. Mwenyewe alifariki tarehe 25 Desemba 1972, baada ya ajali ya gari katika barabara ya Nairobi na Mombasa. Katiba ya mwaka 2010 ilileta serikali za kaunti, zikaanza kazi mwaka 2013, na elimu ya watoto wa chekechea ikawekwa mikononi mwao. Lakini kaunti haiwezi kumtazama kila mtoto nyumbani kwake. Hiyo ni kazi ya jirani, na ya chama kama hiki.

Wazee wangu, sasa nije kwetu. Mwanachama akifariki, mchango hutoka upesi. Sanda hununuliwa, mchele huja, ng'ombe huchinjwa, na watu hula siku za matanga. Ni heshima njema. Lakini shule zifunguliwapo, mtoto wa marehemu yule yule hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na masufuria tuliyopikia matanga ya baba yake bado hayajaingia weusi mwingine. Nani kati yetu humwuliza habari zake?

Najua nitajibiwa kwamba kuwalisha waliokuja kuhani ni mila, na kuipunguza ni aibu. Sisemi tuiache. Nasema tupunguze siku moja ya chakula, na fedha za siku hiyo ziwekwe katika mfuko wa karo ya mayatima wa wanachama, wenye mweka hazina wake na hesabu zake, zisomwe mbele yetu kila mwaka. Na sehemu ya fedha hizo imfikie mwalimu wa kijiji afundishaye watoto wadogo chuoni au chekechea bila mshahara wa kutosha, ambaye mara nyingi ni mama wa humu humu mwetu.

Marehemu Ngala alikuwa Mkristo, na wengi wetu hapa ni Waislamu. Hilo halituzuii kumshukuru, maana dini yetu yatufundisha kwamba thawabu ya elimu yenye manufaa haikatiki kwa mauti ya mwenyewe.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba shauri hili la mfuko liandikwe katika kumbukumbu, lijadiliwe na wazee, na lipigiwe kura leo kabla hatujaondoka. Shule zitakapofunguliwa tena, watoto hao watakuwa mlangoni wakingoja jibu letu.