Nani Atamwogesha Mwanangu? Kijana Mwenye Usonji na Haki ya Kujitegemea

(Mada iliyotolewa na padre mbele ya viongozi wa walei, Bariadi)



 Tumezoea, kila Tume ya Haki na Amani inapotuita, kuzungumzia mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, na mauaji ya vikongwe na ya ndugu zetu wenye ualbino yaliyoitia aibu kanda hii ya Usukuma. Leo tunaomba tuzungumzie ndoo ya maji, kipande cha sabuni na mwiko wa ugali. Msidhani kwamba tumeiacha habari ya haki.

Tuanze kwa kuungama. Katika kigango kimoja tulichokuwa tukikihudumia alikuwapo kijana wa miaka 16 hivi, asiyesema, ambaye kila ngoma zilipolia wakati wa Utukufu aliziba masikio na kupiga ukelele. Dominika moja tulimwomba mama yake amtoe nje. Alimtoa, wala hawakurudi tena. Ilipita miezi kadhaa kabla hatujakwenda kuwatazama nyumbani, na hapo tulimkuta kijana amefungwa kamba mguuni chini ya mwembe, kwa sababu mama alikuwa shambani akichuma pamba na hakuwa na mtu wa kumwachia. Mama yule hakutulaumu. Alituuliza jambo moja tu: siku akifa yeye, nani atamwogesha mwanawe? Hatukuwa na jibu, na yote tutakayosema leo ni jaribio la kumjibu.

Kijana huyo ana hali iitwayo usonji. Ubongo wake umekua kwa namna iliyo tofauti na ya wengi, tangu utotoni. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo, na maandishi yake ndiyo yaliyoifanya hali hii ijulikane kwa matabibu wengi. Wenye usonji hawafanani. Wako wasiosema kabisa, na wako wanaosema mchana kutwa juu ya jambo lilelile. Wengi hupenda mambo yaende vilevile kila siku, na wengi huumizwa na kelele au mguso ambao sisi wala hatuutambui.

Usonji hauambukizi. Si laana, wala haukutumwa na shangazi. Neno hili tunalisisitiza makusudi, maana kwetu, mtoto asiposema, swali la kwanza si afundishwe nini, bali ni nani aliyemfanya hivyo. Ramli hupigwa, ng'ombe huuzwa, na mwishowe hutajwa bibi mmoja ambaye kosa lake ni macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni. Mnajua kinachofuata. Kwa hiyo, kiongozi anayeeleza ukweli juu ya usonji katika Jumuiya yake huenda anaokoa watu wawili kwa mara moja, kijana na bibi.

Lakini liko kosa jingine, nalo limevaa nguo ya upendo. Ni kumfanyia kijana kila kitu. Analishwa, anaogeshwa, anavalishwa, hata anaota ndevu akiwa bado anahudumiwa kama mtoto wa miaka mitatu. Tunasema, maskini, hawezi. Je, tulikwisha kumfundisha? Bartimayo alikuwa kipofu mbele ya macho ya watu wote, hata hivyo Bwana wetu alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Huruma isiyouliza inaweza kumfunga mtu kuliko kamba ya mwembeni.

Basi afundishwe namna gani? Tuchukue kuoga. Kwetu ni neno moja. Kwake ni kazi kumi na zaidi zilizofungwa pamoja: kubeba ndoo, kuingia bafuni, kufunga mlango, kuvua nguo, kujimwagia maji, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kujifuta, kuvaa. Ukimwambia "nenda kaoge" umemtwika mzigo wote kwa mara moja. Ufungue mzigo huo, umpe kazi moja hadi aizoee, ndipo uongeze nyingine. Wanaofanya kazi hii kwa ujuzi mara nyingi huanzia mwisho. Mama hufanya yote, ila kuvaa shati humwachia kijana. Akishaweza, humwachia kujifuta na kuvaa. Hivyo kila siku anayeimaliza kazi ni kijana mwenyewe, naye hutoka bafuni na ushindi badala ya ugomvi.

Mwanzoni mkono wa mama uushike mkono wake. Baadaye umguse kiwiko tu. Baadaye kidole kionyeshe. Mwisho mama asimame mlangoni na kunyamaza. Kama kijana hapendi kuguswa, asilazimishwe. Baba au kaka atende kando yake naye aige. Maneno yawe machache na yaleyale. "Mwaga maji" yatosha. Hotuba ndefu humchanganya, na sisi mapadre twalijua hilo kwa waamini wetu pia. Picha husaidia sana. Si lazima zinunuliwe: chora kwa mkaa juu ya kipande cha boksi, au tundika vitu vyenyewe ukutani kwa mpangilio wake, dodoki, sabuni, kanga, shati. Saa iwe ileile na mahali pawe palepale. Sisi wenyewe seminarini tuliishi kwa kengele miaka mingi, na hakuna aliyetuita wagonjwa kwa kuipenda ratiba. Itachukua miezi. Anayetaka matunda kabla ya Kwaresima ijayo asianze.

Jikoni aanze na kuosha vyombo, kuchambua mboga na kupima unga. Moto uje mwisho, tena mtu mzima akiwa karibu. Afundishwe kusimama kabla ya kuvuka barabara ya lami iendayo Lamadi, ambako magari hayamngoji mtu. Na kwa mabinti, akina mama msione haya: afundishwe kujisitiri siku zake, kufunga mlango, na kumkataa kwa mkono au kwa sauti mtu yeyote anayemgusa isivyo halali, awe mjomba, jirani au hata mtumishi wa kanisa. Anayeogeshwa na kila mtu hajifunzi kwamba mwili wake ni wake, na waovu wanalijua hilo.

Tuwarudie wale watoto 11. Wa kwanza katika maandishi ya Kanner ni Donald Triplett wa Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1933. Akiwa na miaka mitatu wazazi wake walishauriwa kumweka katika nyumba ya malezi mbali na kwao. Baada ya mwaka hivi walimrudisha nyumbani. Baadaye alikaa kwa mkulima mmoja na mkewe. Donald alikuwa haachi kupima vitu, basi wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaambia kimefika kina gani. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, wakamwacha aihesabu huku akiilima kwa plau la farasi. Wakulima hao hawakuwa matabibu. Waliona anachokipenda wakakigeuza kuwa kazi. Donald alifanya kazi benki, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Hatusemi kila kijana atafika huko. Wengi watahitaji msaada maisha yao yote. Lakini kijana anayependa kupanga vitu mstarini, kwa nini asipange michembe juani?

Katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, kifungu cha 22, Mtakatifu Yohane Paulo II anafundisha kwamba mlemavu ni mtu kamili mwenye haki zake, na kwamba kuwapa nafasi ya kazi wenye nguvu kamili peke yao ni ubaguzi. Nchi yetu nayo iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 19 yahusu haki ya kuishi kwa kujitegemea ndani ya jamii, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Viko vitengo vya shule, kama kile cha Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, na kituo cha Gabriella huko Moshi. Lakini toka Meatu hadi Moshi si mwendo wa mama mwenye debe mbili za mtama. Kwa hiyo ulizeni katika mikutano ya vijiji na kwa madiwani: kata yetu ina mwalimu gani wa watoto hawa? Ulizeni tena mkutano unaofuata. Na wakati mnangoja jibu, Jumuiya zisikae bure. Wanajumuiya wanne wakipeana zamu ya saa mbili kila mmoja kwa juma, mama anakwenda shambani na kamba inabaki ghalani.

Kwa kijana wetu ilikuwa hivyo. Sasa anateka maji asubuhi na jioni, anaoga mwenyewe, ingawa mgongo huusahau. Misani hukaa karibu na mlango, na wapiga ngoma wamekubali kuzihamishia upande wa pili. Dukani bado: hutoa noti, huchukua chumvi na kuondoka bila chenji. Jumuiya imepatana na mwenye duka amwite na kumwekea fedha mkononi kila mara, hata kama ni mara mia.

Kabla ya kikao chetu kijacho, kila kiongozi apite nyumba kwa nyumba katika Jumuiya yake na kutuletea idadi ya watoto na vijana wa namna hii, pamoja na wale wanaofichwa vyumba vya ndani. Majina msiyaandike. Andikeni umri, jambo moja analoweza kulifanya mwenyewe, na jambo moja ambalo mama yake angetamani alijue kwanza.