Nafasi ya Mzazi katika Maisha ya Shule ya Msingi: Watoto wa Afrika Mashariki Mjini Guangzhou

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya wazazi kabla ya kufunguliwa kwa muhula wa Septemba

1.0 Utangulizi



Kichwa nilichopewa ni kipana: maisha ya shule ya msingi na namna mzazi anavyoweza kumsaidia mwanawe. Nitapita haraka kwenye yale ambayo kila mmoja hapa anayajua. Muda utakaobaki nitautumia kwa jambo ambalo nimelipigia kelele katika vikao vyetu mwaka hadi mwaka, nalo ni mtoto kugeuzwa mkalimani kati ya mwalimu wake na mzazi wake.

Nieleze mapema kwamba nazungumza kama mwalimu na mzazi. Mimi si msemaji wa shule yoyote, wala wa ubalozi mdogo, wala wa idara ya uhamiaji.

2.0 Maana ya maneno yatakayotumika

Elimu ya msingi hapa China ni sehemu ya elimu ya lazima ya miaka tisa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1986 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2006. Guangzhou hufuata mpango wa miaka sita ya msingi na mitatu ya sekondari ya chini. Mtoto huanza darasa la kwanza Septemba, akiwa ametimiza miaka sita kufikia tarehe 31 Agosti. Kwetu mwaka wa masomo huanza Januari. Kenya shule ya msingi inaishia darasa la sita chini ya mtaala wa umilisi, na Tanzania inatoka kwenye miaka saba kwenda sita chini ya sera iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025.

Mzazi, kwa mada hii, ni yeyote anayelala nyumba moja na mtoto na kubeba dhamana yake: baba, mama, shangazi, mjomba, au ndugu aliyeachiwa mtoto wazazi wakiwa safarini mjini Yiwu.

3.0 Hali ya watoto wetu kwa ufupi

3.1 Nyaraka. Sheria ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu 1 Julai 2013, inamtaka mzazi mgeni aliyejifungulia hapa amwandikishe mtoto kwenye idara ya uhamiaji ya polisi ndani ya siku 60. Mtoto wa wageni wawili hapati uraia wa China kwa kuzaliwa hapa. Viza ya biashara ya muda mfupi si kibali cha ukaazi, na bila kibali cha ukaazi mlango wa shule ni mgumu kufunguka. Masharti ya shule za serikali na za binafsi hutofautiana wilaya kwa wilaya, na uandikishaji hufanyika miezi kadhaa kabla ya Septemba. Shule za kimataifa zipo, ila ada za zile kubwa zimewapita wengi wetu. Kwa maswali ya mtu mmoja mmoja, naomba tuwaone wahusika.

3.2 Siku ya shule. Jumatatu kuna kupandisha bendera. Kila siku kuna mazoezi ya viungo uwanjani, mazoezi ya macho darasani, chakula cha mchana na mapumziko ya kulala. Baada ya vipindi, shule nyingi zina huduma ya kubaki na watoto hadi jioni. Mwaka 2021 Wizara ya Elimu ya China ilielekeza kwamba mtoto wa msingi alale kwa muda wa saa kumi kila usiku, na kwamba vipindi vya asubuhi visianze kabla ya saa mbili na dakika ishirini. Naomba tujiulize ni wangapi kati ya watoto wetu wanaolala saa kumi, wakati wengine wanasinzia juu ya mabunda ya nguo mtaa wa Xiaobei hadi ofisi ya kago ifungwe.

3.3 Masomo. Mzigo mkubwa ni kusoma na kuandika Kichina. Mtaala unataka mtoto anapomaliza darasa la pili awe anatambua herufi zipatazo 1,600 na kuandika 800. Anapomaliza la sita, atambue 3,000 na kuandika 2,500. Herufi hizi hazikaririwi wiki moja kabla ya mtihani. Zinaingia kidogo kidogo kila siku, na mtoto aliyekosa mwezi mmoja hujikuta nyuma kwa muhula mzima.

4.0 Tatizo: mtoto kuwa mkalimani wa mambo yake mwenyewe

4.1 Linavyotokea

Hali yenyewe mnaijua. Mwalimu wa darasa anamwita mzazi. Mzazi anafika na mtoto kwa kuwa mtoto ndiye anayejua Kichina. Mwalimu anaongea kwa kirefu, uso umekunjamana. Mtoto anamgeukia mama yake: "Mwalimu anasema niongeze bidii." Mama anatabasamu, anashukuru, wanaondoka. Mwalimu anabaki akiamini amemweleza mzazi kwamba mtoto haleti daftari, na kwamba mzazi ameona ni jambo la kuchekelea.

Simlaumu mtoto. Mtu wa miaka minane akipewa kutafsiri kosa lake mwenyewe atalipunguza. Hata mtu mzima angelipunguza. Hakuna mfanyabiashara humu ukumbini anayekwenda Foshan kukagua vigae kwa kumtegemea mkalimani aliyelipwa na kiwanda. Vigae tunavikagua kimoja kimoja, lakini habari za mtoto tunazipokea kutoka kwa mtuhumiwa.

4.2 Grupu la darasa

Tatizo hilihili liko ndani ya simu. Kila darasa lina grupu lake la WeChat. Humo ndimo mwalimu anapotangaza vifaa vya kuleta, nguo za kuvaa, siku za chanjo, mabadiliko ya ratiba na fomu za kujaza. Mzazi hajiandiki kwa jina lake. Huandika jina la mtoto likifuatiwa na "mama" au "baba", kama sisi tunavyoitana Mama Asha na Baba Juma. Desturi hiyo si ngeni kwetu. Lakini wengi wetu tumebaki na picha ya kontena na jina la kampuni ya kago, na mwalimu hajui huyo ni mzazi wa nani.

Mara nyingi mwalimu huanzisha orodha. Mzazi wa kwanza anaandika 1 na jina la mwanawe, wa pili anaongeza 2, mpaka darasa zima litimie. Darasa la watoto 45 likisimama kwenye 44, grupu zima linajua nani amekosekana. Baadaye mtoto ndiye anayeulizwa mbele ya wenzake.

Wapo ambao hawamo kabisa kwenye grupu. Wamemwingiza mwenye nyumba au mfanyakazi wa dukani, na huyo akiacha kazi, habari za shule zinaondoka naye. Wapo pia waliompa mtoto simu yao "asome mwenyewe aniambie". Hao wamemweka mtuhumiwa kuwa karani wa mahakama.

4.3 Madhara

La kwanza ni kwamba mzazi hupata habari nusu, na kwa kawaida nusu inayopendeza.

La pili ni mtoto kubebeshwa mambo makubwa kuliko umri wake. Anayetafsiri shuleni ndiye huyohuyo anayepelekwa hospitali, benki na kwa mwenye nyumba. Wako wanaokosa vipindi ili wakatafsiri ugonjwa wa mama yao, maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kwa daktari, seuze kuyatamka.

La tatu linagusa malezi. Mtoto akishazoea kwamba yeye ndiye anayejua na baba ndiye asiyejua, shikamoo itaendelea kutoka mdomoni, lakini siku baba atakapokataza jambo atakuta neno lake halina uzito.

La nne, mwalimu hukata tamaa. Ana watoto wengi. Akimwandikia mzazi mara kadhaa bila jibu, humweka mtoto huyo pembeni. Hili siwezi kulitetea, ila nimeliona likitokea.

4.4 Sababu tunazozitoa

"Sijui Kichina." Ni kweli, lakini bei ya jumla, asilimia ya malipo ya awali na siku ya kupakia mzigo tunavijua kwa Kichina bila kufundishwa darasani. Tulijifunza tulichokihitaji.

"Watanitaka nisahihishe kazi." Hapana. Maelekezo ya Julai 2021 ya kupunguza mzigo wa wanafunzi yanakataza shule kuwataka wazazi wakague au wasahihishe kazi za nyumbani. Darasa la kwanza na la pili hawapewi kazi ya kuandika nyumbani. La tatu hadi la sita isizidi dakika 60. Kinachobaki kwa mzazi ni kujibu matangazo, kuandaa vifaa, kuhakikisha mtoto amelala, na kujua hali yake. Sheria ya malezi ya familia, inayotumika tangu 1 Januari 2022, inalitaja hilo kuwa wajibu wa mzazi.

"Sina muda." Maonyesho ya biashara ya Canton ni kuanzia 15 Aprili hadi 5 Mei, kisha 15 Oktoba hadi 4 Novemba. Yote yanaangukia katikati ya muhula. Ratiba hiyo tunaijua mapema kuliko sikukuu zetu, kwa hiyo tunaweza kupanga nani atashika simu ya shule wiki hizo.

"Ni bora tusionekane." Hii naipokea kwa heshima. Aprili 2020 Waafrika wengi mjini hapa walitolewa kwenye nyumba na hoteli wakati wa hofu ya korona, na wapo wazazi ambao tangu hapo wanaona usalama uko katika kukaa kimya. Ninawaelewa. Ila shuleni ukimya haumkingi mtoto. Mwalimu anayemjua mzazi kwa sura ndiye wa kwanza kusimama upande wa mtoto wenzake wanapomtania nywele na rangi.

5.0 Mapendekezo

5.1 Kwa wazazi

(i) Mzazi mmoja awemo kwenye grupu la darasa yeye mwenyewe, kwa jina la mtoto likifuatiwa na "mama" au "baba". Picha ya kontena iondolewe.

(ii) Kila tangazo lisomwe kwa kushikilia ujumbe na kuchagua tafsiri. Maandishi yaliyo ndani ya picha yasomwe kwa programu ya kutafsiri kwa kamera.

(iii) Kila mzazi ajue kuandika herufi mbili za kujibu "nimepokea", yaani shoudao, na aweze kuongeza jina la mwanawe kwenye orodha.

(iv) Mtoto asitafsiri kikao kinachomhusu yeye. Mzazi aende na mtu mzima, au amwombe mwalimu aandike kwa simu watafsiriane papo hapo. Walimu wengi hukubali.

(v) Mtoto asitolewe darasani kwenda kutafsiri hospitali, benki wala popote.

(vi) Imla mzazi anaweza kuisimamia bila kujua Kichina. Ipigwe sauti iliyorekodiwa, mtoto aandike kitabu kikiwa kimefungwa, kisha mzazi afungue kitabu na kulinganisha umbo kwa umbo. Asisahihishe, aoneshe tu panapotofautiana.

(vii) Mzazi asimsomee mtoto pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa matamshi ya Kiswahili. Herufi ni zilezile, sauti si zilezile: q hukaribia ch yetu, na x hukaribia sh. Mtoto amfundishe mzazi hapo, naye akubali kufundishwa.

(viii) Kiswahili kibaki lugha ya nyumbani, na KKK yake (kusoma, kuandika na kuhesabu) ifundishwe mwishoni mwa wiki. Familia nyingi hurudi, na mtoto wa darasa la tano asiyeweza kusoma Kiswahili ataanza upya na wadogo zake.

(ix) Mtoto alale mapema, nyumbani, si dukani.

(x) Katika wiki za Maonyesho, mtu mzima mmoja ateuliwe kushika mambo ya shule.

(xi) Narudia: mtoto asitafsiri kikao kinachomhusu yeye.

5.2 Kwa jumuiya

(i) Iundwe orodha ya wakalimani wa kujitolea, hasa wanafunzi wetu wa vyuo vikuu vya hapa, watakaoambatana na wazazi shuleni. Nauli na chakula chao vitoke kwenye mfuko wa jumuiya.

(ii) Yaandaliwe matangazo ya shule yanayojirudia, yakiwa na tafsiri ya Kiswahili, yachapishwe kwenye karatasi moja.

(iii) Wazazi wenye watoto shule moja wafahamiane, ili tangazo lililompita mmoja limfikie kupitia mwingine.

(iv) Akina mama na akina baba walio katika ndoa na Wachina waombwe kusaidia wenzao, bila kuwafanya watumishi wa kila mtu.

5.3 Kwa ofisi za ubalozi mdogo za nchi zetu

Kwa heshima zote tunaomba: (i) maelezo ya uandikishaji wa watoto yatolewe kila mwaka kwa Kiswahili, kabla ya muda wa kuandikisha kupita, (ii) pasipoti za watoto wachanga zishughulikiwe kwa haraka inayolingana na zile siku 60, (iii) suala la ulinganifu wa madarasa kwa wanaorudi nyumbani lifikishwe kwa wizara husika.

5.4 Kwa shule

Hatuna mamlaka ya kuzielekeza shule. Tunaomba tu kwamba mwalimu anapomwita mzazi mgeni, asimtumie mtoto kuwa mkalimani. Ombi hili liandikwe kwa Kichina, na kila mzazi alipeleke mwenyewe.

6.0 Hitimisho

Nimesema mengi, na baadhi nimeyarudia kwa makusudi. Kama muda wa utekelezaji ni mdogo, naomba tuanze na mawili: mzazi awemo kwenye grupu, na mtoto asitafsiri mambo yake. Hayo hayahitaji bajeti wala kibali cha mtu. Karatasi ya kuomba mkalimani wa kujitolea ipo mezani kwa katibu. Wazazi wenye watoto wanaoanza darasa la kwanza waandike majina yao kwanza, kwa kuwa kikao chao cha kufungua shule ndicho kilicho karibu zaidi.