Mpekani: Mti wa Texas na Mikono Iliyoukuza

Mwezi Machi 1906, usiku wa kuamkia kifo chake, James Hogg alimwambia bintiye Ima kwamba hataki kaburi lake lijengewe mnara wa mawe. Upandwe mpekani kichwani na mjozi miguuni, na kokwa zake wagawiwe watu wa kawaida wakapande, Texas iwe nchi ya miti. Hogg alikuwa gavana wa kwanza wa jimbo hilo aliyezaliwa humo. Mwaka 1919 mpekani ukatangazwa kuwa mti rasmi wa Texas.

Ulistahili. Asili yake ni bonde la Mto Mississippi, kingo za mito ya Texas na kaskazini mwa Meksiko. Miaka ya 1530 Mhispania Cabeza de Vaca, akiwa mateka wa wenyeji, aliwaona wakihamia mtoni msimu wa kokwa na kuzila kwa miezi miwili. Aliona pia kwamba miti haizai kila mwaka. Hata leo mkulima wa pekani hujua kwamba mavuno mengi ya mwaka huu huenda yakafuatwa na uhaba.

Mpekani una tabia nyingine iliyowasumbua wakulima: kokwa ya mti mzuri ikipandwa, mti unaoota haufanani na mzazi. Dawa ni kubebesha, yaani kukata kikonyo cha mti bora na kukiunganisha na mche mwingine. Huko Louisiana, daktari mmoja alijaribu akashindwa. Vikonyo vikapelekwa shamba la Oak Alley, akakabidhiwa mtunza bustani Antoine. Majira ya baridi ya 1846 na 1847 alibebesha miti 16, ikakubali.

Antoine alikuwa mtumwa. Mwaka 1848 orodha ya mali ya shamba ilimtaja kama bingwa wa kubebesha mipekani, ikamwekea bei ya dola 1,000. Mwaka 1876 kokwa za miti yake zilitunukiwa kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, na aina hiyo ikaitwa Centennial. Jina la Antoine halikuwekwa popote kwenye sifa hiyo. Kilimo cha kisasa cha pekani, pamoja na mashamba makubwa ya Georgia ambako mti huu si wa asili, kinasimama juu ya kazi ya aina ile.

Kisha kuna wabanguaji wa pekani wa San Antonio, Texas. Januari 1938 wafanyakazi wapatao 12,000, wengi wao wanawake wenye asili ya Meksiko, waligoma baada ya ujira kupunguzwa hadi senti 5 au 6 kwa ratili. Kijana Emma Tenayuca alikuwa mbele yao. Walibangua katika vyumba vilivyojaa vumbi, katika mji ulioteswa na kifua kikuu.

Texas ina haki ya kujivunia mti wake. Lakini historia ya mpekani inayomtaja gavana na kumwacha Antoine na wabanguaji haijakamilika, na haifai kufundishwa hivyo.