Mashemeji Wawili na Rangi ya Kikwembe



Vikwembe vya kampeni ya uchaguzi wa 2018 bado viko mtaani hapa Uvira. Kimoja kinabeba mtoto, kingine kimefunika beseni ya ndagala. Sura ya mgombea imepauka, lakini rangi unaitambua. Nawajua mashemeji wawili waliokosana kwa sababu ya rangi hizo. Mmoja alikuwa wa FCC, mwingine wa UDPS.

Wenye sura wao waliendelea na safari. FCC, kambi ya Joseph Kabila, ilitoka katika uchaguzi ule na zaidi ya viti 330 kati ya 500 vya Bunge la taifa. Tarehe 6 Desemba 2020 Rais Félix Tshisekedi wa UDPS akatangaza kwamba ndoa yake ya kutawala pamoja na kambi hiyo imevunjika. Siku nne baadaye Spika Jeanine Mabunda, wa kambi hiyo hiyo, akaangushwa na wabunge, kura 281 kwa 200. Mwezi wa Januari, Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba naye akaondolewa, kwa kura 367. Wabunge wale wale! Hakuna uchaguzi uliofanyika katikati, wala aliyepita mtaani kwetu Nyamianda kutuuliza.

Katiba, kipengele cha 110, inasema mbunge anayekiacha chama chake kwa kusudi huhesabiwa kuwa amekiacha na kiti. Mahakama ya Katiba, Januari 2021, ikaona mbunge ana uhuru wa kujiunga na walio wengi. Katikati ya mwaka huo jipu za Hyundai Palisade zikaanza kukabidhiwa wabunge. Ni zawadi au ni mkopo, Kinshasa walibishana sana. Sisemi kila aliyehama alilipwa. Wapo waliokuwa wamechoka kweli na miaka 18 ya Kabila. Ila aliyehama kwa kuchoka na aliyehama kwa jipu, ukiwa huku Uvira utawatenganisha vipi?

Feza ina njia nyingine fupi zaidi. Maseneta na magavana hatuwachagui sisi, huchaguliwa na wabunge wa jimbo. Kwetu Kivu ya Kusini hao hawafiki hata hamsini. Mwenye mfuko hahitaji kuzunguka barabara zetu. Anatafuta watu wachache, jioni, mlango ukiwa umefungwa. Machi 2019 malalamiko ya rushwa katika kura ya maseneta yalizidi mpaka serikali ikasimamisha kuanza kazi kwao. Kabla mwezi haujaisha, zuio likaondolewa.

Sisi nasi tuna mkono humo. Kikwembe tulikipokea, na noti tulizikunja. Anayekupa feza asubuhi ya kura anajua amekwisha kukulipa. Ukimwendea baadaye kuhusu mto Mulongwe, uliobomoa nyumba na kuua watu Aprili 2020, atakutazama kama mtu anayedai mara mbili.

Wale mashemeji? Kufika Aprili 2021, wengi wa waliochaguliwa kwa rangi zao mbili walikuwa pamoja ndani ya Union sacrée, muungano mpya wa Tshisekedi, wakipigia kura serikali moja. Mashemeji wenyewe bado hawasalimiani.